Kupona Si Kuiaga Kliniki

Tarehe ya kliniki ilipita, na mke wa fundi baiskeli hakwenda. Mwaka uliopita alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi na dawa. Alipona. Sasa aliyemzuia ni mumewe.

"Nimeshawatangazia watu kwamba umepona," alisema fundi. "Mtaa mzima ulikuja kwenye sherehe, ukala, ukacheza. Wakikuona hospitali watasema ugonjwa umerudi. Nitauficha wapi uso wangu?"

Mkewe aliendelea kumenya viazi.

Mchana dada yake fundi alifika akikokota baiskeli. Dada huyo ni muuguzi. Wiki iliyotangulia, fundi alimfungia gurudumu jipya.

"Haya, ulisema niirudishe. Lakini haina tatizo."

"Hata kama haina! Gurudumu jipya lazima lirudi nikaze spoki. Ukingoja liyumbe, umechelewa."

"Vizuri. Na wifi yangu alirudi lini kliniki?"

Fundi akainama kutafuta spana. Spana ilikuwa mkononi mwake. Mkewe akaangua kicheko.

"Mdogo wangu, unalihurumia gurudumu kuliko mke?" alisema muuguzi. "Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana daktari humwita kila baada ya miezi michache. Baadaye atamwita mara chache zaidi, mpaka itimie miaka kama mitano. Aende hata akijisikia mzima. Na akiona damu, au uchafu wenye harufu ukeni, au nyonga ikiuma, au mguu ukivimba, asingoje tarehe. Aende siku hiyo hiyo."

"Na majirani?"

"Majirani walikuja kula. Kutibu hawajui."

Mke akaweka kisu chini. "Wifi, damu sina. Ila tukilala pamoja naumia. Nilidhani ndivyo nitakavyoishi."

Fundi akashtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Ili umtangazie nani?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Maumivu hayo huwapata wengi waliopigwa mionzi, na wanasaidiwa. Mwambie daktari, usione haya."

Kesho yake fundi na mkewe wakaondoka pamoja kwenda kliniki. Jirani akauliza kwa sauti ya chini, "Kulikoni? Ugonjwa umerudi?"

"Haujarudi!" fundi akajibu kama mtu wa mnadani. "Tunakwenda kukaza spoki!"

Daktari alimuuliza mke maswali, akampima. Hakuona dalili yoyote ya saratani. Kwa yale maumivu alimpa dawa ya ukavu wa uke, akamweleza namna ya kuitumia. Akampangia tarehe nyingine. Safari hii fundi mwenyewe aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa kibanda chake cha kazi.

Na gharama ya kwenda kliniki ilikuwa hii: nauli ya watu wawili, asubuhi moja ya kazi, wateja watatu walionuna, na fundi kukaa, mwanamume peke yake, katikati ya benchi la akina mama, amekumbatia mkoba wa mkewe.