Mstari wa Pumzi

Haya yalimpata rafiki yangu Fidelis, pale Ifakara mwaka 1997, wala simwonei huruma. Alimtazama mwenzake Marselino akizama mtoni kule Mofu, asimnyooshee hata kasia. Baada ya mazishi akalichukua gemu la kompyuta kuhusu mvuvi mpiga mbizi, ambalo marehemu alikuwa akilitengeneza, akafuta jina la Marselino na kuweka la kwake.

Mchana mmoja wa mvua, madirisha yamefungwa, alikuwa akichora mstari wa kuonyesha pumzi iliyombakia mvuvi. Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, chumba kikawa giza, kompyuta peke yake ikabaki inawaka. Nyuma yake mtu akakohoa maji.

“Mstari wangu ukaanza kupungua, kifua kikanibana,” aliniambia akihema. “Chini yake ukajichora wa pili, una jina la Marselino. Huo ulikuwa unajaa.”