Kidevu cha Argyro

Kituo cha mafuta pale Korintho kilifurika pikipiki hadi barabarani, mvua ikipiga paa la bati, na mwanamume mwenye koti jekundu akapenyeza ya kwake mbele ya Argyro kana kwamba hakumwona.

"We baba, foleni inaanzia nyuma."

"Samahani, bibie. Nilidhani unamsubiri mumeo aje ajaze."

"Mume nilimfukuza. Pikipiki nikabaki nayo."

Jamaa alicheka mpaka maji yakamwingia mdomoni, kisha akarudi nyuma. Aliitwa Stathis, fundi bomba wa Kalamata, mabega mapana, ndevu zenye mvi. Alikuwa amejiunga na msafara wao wa pikipiki wa kuzuru magofu ya kale asubuhi hiyo hiyo.

Kiongozi wa msafara alikuwa Manthos, kaka yake Argyro, mtu wa kupanga kila kitu: njia, hoteli na maisha ya dada yake.

"Yule wa Kalamata ni mropokaji," alimwonya. "Una miaka arobaini na minne. Tulia."

"Nitulie wapi, kabatini?"

Kule Mikene walipita chini ya lango la simba wakiwa wamelowa chepechepe. Stathis akatoa pai ya jibini mfukoni.

"Hii pai au supu?" Argyro akauliza.

"Supu yenye jibini. Kula, mrembo, kabla haijamwagika."

Wakala kwa kugombania, vidole vikigusana. Argyro akamwangalia yule mwanamume na kujua kwamba anamtaka, na kwamba safari hii hataomba ruhusa.

Kesho yake walisimama Tegea, kwenye magofu ya hekalu. Mvua ilizidi. Walipokuwa wanaondoka, injini zikinguruma, Stathis alifungua kioo cha helmeti na kupiga kelele:

"Argyro! Tuoane! Uje tukae kwangu!"

Argyro alisikia jina lake tu. Maji baridi yalikuwa yanamtiririka shingoni, akainua kidevu afunge kamba ya helmeti.

Kwetu Ugiriki, mtu akiinua kidevu amekataa. Hahitaji kufungua mdomo.

Stathis akafunga kioo. Akaondoka akirusha matope.

"Umefanya vizuri kumkatalia," Manthos akasema.

"Kumkatalia nini?"

"Ndoa! Kaomba mbele ya watu wote, wewe ukamfanyia hivi." Manthos akainua kidevu na kufyonya.

"Nilikuwa nafunga kamba, punguani wewe!"

"Basi Mungu kasaidia. Barabara ya mbele imejaa maji, tunarudi Athene. Washa pikipiki."

Argyro akatoa simu.

"Stathis, uko wapi?"

"Nimeelewa, bibie. Usijisumbue."

"Hujaelewa kitu! Unaelekea wapi?"

"Mesene. Msafara nitaumaliza, hata peke yangu."

"Ukifika usiondoke. Umenisikia? Usiondoke!"

Manthos akasimama mbele ya gurudumu lake. "Ukienda huko, usiniite kaka tena."

"Kaka utabaki, upende usipende. Ila baba alishakufa, na hakukuachia cheo chake. Toka hapo, nisije nikakukanyaga."

Manthos akamtazama usoni, akatoka.

Njia nzima ilikuwa tope na mawe yaliyoporomoka mlimani. Mara mbili pikipiki ilimlalia, mara mbili akaiinua huku akiitukana. Mesene alimkuta Stathis amekaa peke yake kwenye viti vya mawe vya uwanja wa kale, analoa kama nguzo za magofu zilizomzunguka. Argyro akavua helmeti, akaitupa majanini.

"Wewe! Unachumbia mtu kavaa helmeti, injini zinanguruma?"

"Niliogopa ungesikia."

"Nilikuwa nafunga kamba, Stathis. Sikusikia kitu. Haya, rudia. Kwa sauti."

Akasimama juu ya kiti cha mawe. "Argyro! Tuoane!"

"Ndiyo!" Uwanja mtupu ukaitikia. Argyro akambusu, na midomo yao ilinukia mvua na petroli. "Ila Kalamata siendi nimepakizwa mgongoni kwako. Naenda na pikipiki yangu."

"Paa langu linavuja, mpenzi."

"Fundi mzima?"

"Fundi bomba. Paa si kazi yangu."

"Tutaliziba wote."

Simu ikaita. Manthos.

"Usipokee," Stathis akasema.

"Napokea." Akaiweka sikioni, maji yakimchuruzika mkononi. "Manthos, usianze. Peleka suti kwa dobi. Hapana, hakuna aliyekufa. Naolewa."

Akakata kabla hajajibiwa.