Kofia ya Fedha ya Kaburini

Baridi ya mji wa Bolghar ilikuwa imegandisha hata maziwa mtungini, lakini dirhamu, sarafu za fedha zilizoshonwa kwenye kofia ya mwanawe Ilbai, zilikuwa za moto. Aibike alizigusa, akarudisha vidole upesi. Zilinuka nywele zilizoungua.

"Baba Ilbai, fedha hii umeitoa wapi?"

Mumewe, Tukai, hakuinua uso. Alikuwa mfua fedha, hodari wa kuiga dirhamu za amiri wa Bukhara. Hakujua kusoma hata herufi moja ya maandishi yale, ila aliyachonga kwenye muhuri wake wa chuma hivyo hivyo, na wachuuzi wa manyoya wakazipokea.

"Fedha ni fedha. Mvike mtoto."

Adhuhuri, Tukai alipokwenda msikitini, nyundo ikaanza kulia karakanani. Ko. Ko. Ko. Aibike akambeba mtoto, kofia kichwani, akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Nyundo ilikuwa ikipanda na kushuka yenyewe juu ya fuawe, na kila ilipogonga, ile harufu ilizidi, na majivu ya tanuri yakajikusanya sakafuni, yakapanda, yakaumba kiuno, yakaumba mabega, kisha kichwa cha mwanamke kilichochunika utosini kama kilichonyang'anywa kitu kwa nguvu.

"Mke mwenza," kikasema taratibu. "Kofia imempendeza mwanao?"

"We… we nani?"

"Muulize aliyenivua."

Tukai alikuwa amesharudi. Akapiga magoti mlangoni. "Sarvi," akanong'ona. Mke wake wa kwanza, ambaye ndugu zake walimzika kwa desturi ya zamani, na taji lake la fedha kichwani.

"Ulifukua kaburi la mkeo?" Aibike akauliza.

"Fedha ya Bukhara imeadimika, nikaliyeyusha taji nifue dirhamu! Msimu mzima ulidhani unakula nini, theluji?"

Mtoto akapiga yowe. Kofia ilikuwa inambana, inazama kwenye paji. Aibike akazikata nyuzi kwa meno, midomo ikiungua, akaivuta kofia na kuitupa majivuni.

"Chukua chako! Mwanangu hakukukosea kitu!"

"Na dirhamu zilizobaki?" Sarvi akauliza.

"Nimeziuza," Tukai akasema. "Zimeondoka na wachuuzi. Sarvi, nisamehe, siwezi kuzirudisha."

Majivu yakaporomoka. Harufu ikakatika. Aibike akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

Tukai akainuka polepole. Akajipangusa magoti, akamwendea Aibike, akamfunika mtoto vizuri na shali, kama afanyavyo mwanamke. Aliposema, sauti haikuwa yake, ilikuwa ya Sarvi.

"Nenda, mke mwenza. Mtoto ni wako. Huyu alikuwa wangu kwanza."

Akarudi kwenye fuawe, akaketi, akalaza juu yake mkono wa kushoto, na wa kulia ukaiokota nyundo.

Aibike alikimbia juu ya mto ulioganda, mtoto kifuani, asigeuke nyuma. Ko, ikasikika. Na baada ya kila pigo Tukai alilia, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, akimwita. Mpaka Aibike anafika ng'ambo, nyundo ilikuwa haijanyamaza.