Kibarakoa cha Shangazi Lupe

Tarehe 14 Juni 1998, siku ya Jumapili, baada ya ibada ya mchana, ʻAisea Mafileʻo Taufa wa kijiji cha Kolonga, kisiwani Tongatapu, aliwasha mashine ya kupulizia dawa ya pumu ili amtibu bintiye Sela, mwenye umri wa miaka sita, ambaye alikuwa amebanwa kifua kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mashine ilinguruma vizuri. Mvuke haukutoka.

"Umetazama chujio?" akauliza mkewe, Kalolaine.

"Nimeweka jipya."

"Mrija?"

"Haujajikunja wala haujapasuka. Kikombe nimekiosha kwa siki, dawa imo."

"Basi mbovu ni fundi. Lete hapa."

Kalolaine alielekeza kibarakoa kwenye kiganja chake, na mvuke ukafuka mweupe. Alipokirudisha usoni mwa Sela, ukarudi ndani kana kwamba umevutwa, na chumba kikanuka mafuta ya msandali, ambayo hayakuwa yamepakwa nyumbani mle tangu mazishi ya shangazi yake Sela.

"Baba," Sela alinong'ona, midomo imemgeuka rangi, "shangazi anavuta pumzi yangu."

Aliitwa jirani yao, Bi. ʻOfa, mganga wa majani. Akakinusa kibarakoa usoni mwa Sela.

"Cha nani hiki?"

"Cha marehemu dada yangu, Lupe."

"Ebo! Kwa mila yetu mtoto wako hathubutu kumega hata kiazi alichobakiza shangazi yake, nawe unamvisha hiki?" Kisha akashusha sauti. "Ulikitwaa lini, mwanangu? Kabla au baada?"

ʻAisea aliinama. Tarehe 3 Machi walibanwa wote wawili, Lupe na Sela, kwa wakati mmoja, na mashine ilikuwa hiyo hiyo moja. Naye, ambaye tangu kubalehe hakuwahi kukanyaga chumba alimolala dada yake, kama ilivyo haramu kwa kila ndugu wa kiume, aliingia, akamgusa uso, akamvua kibarakoa ampelekee Sela, huku vidole vya Lupe vikimshika kifundo cha mkono mpaka vilipolegea.

"Kabla," alisema.

"Uliniambia ulimkuta ameshakufa!" Kalolaine alipiga kelele.

"Mtoto hana kosa kwa shangazi yake," alinong'ona Bi. ʻOfa. "Lakini marehemu hairudishi pumzi bure."

Kalolaine aliuchomoa waya, na mashine haikunyamaza, bali ilianza kupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyebanwa, na harufu ya msandali ikazidi hadi machozi yakawatoka, na Sela akawa hakohoi tena, ndipo ʻAisea alipokivua kile kibarakoa usoni mwa mwanawe akakivaa mwenyewe.

"Dada," alisema, "niwie radhi. Vuta yangu."

Sela akavuta pumzi kwa kishindo, akalia. Saa tisa na robo alasiri baba yake alikuwa amekwisha kufa.

Majirani husimulia kwamba aliuawa na umeme. Si sahihi. Waya ulichomolewa saa tisa kasoro dakika kumi. Mashine ilinguruma hadi Jumatatu.