Mbege Haisubiri Kocha

Siku ya gulio Ngaramtoni, mwenye akili hasimami mlangoni mwa duka la dawa za mifugo. Wafugaji wanaingia na vumbi lao, wakulima wanauliza mbegu kabla ya salamu, na bodaboda wanapiga honi hata pasipo na wa kuwazuia. Elimringi alisimama papo hapo, suruali ya trakisuti ya bluu imepauka magotini, ameshika pakiti mbili za dawa ya kuku, moja kila mkono. Alichagua ya kulia, akaghairi. Akachukua ya kushoto, akaomba abadilishiwe.

Muuzaji aliitwa Sia. Alivaa shati jeupe na kitenge cha manjano, nywele amezisuka na kuzirudisha nyuma, na subira yake siku za gulio ilikuwa fupi.

"Kaka, dawa ni ileile. Pakiti tu ndizo tofauti."

"Kama ni ileile, kwa nini ziko mbili?"

"Ili watu kama wewe mpate shughuli."

Foleni ikacheka. Elimringi naye akacheka, akaondoka na zote mbili pamoja na namba ya simu ya muuzaji, eti kuku wakizidiwa apate pa kuuliza. Kuku hawakuzidiwa, lakini jioni ileile alipiga.

Jumamosi wakakutana tena, safari hii uwanjani. Elimringi alikuwa kocha wa timu ya kata ya Kimandolu. Sia, akishafunga duka, alikuwa mwamuzi, na siku hiyo alipangwa kuwa mwamuzi wa akiba, yule anayekaa mezani kando ya mstari na kuinua kibao chenye namba ya anayetoka na anayeingia. Sare nyeusi ilimkaa vizuri sana. Elimringi hakuliona bao la kwanza la timu yake mwenyewe.

Mapenzi yakashika moto. Elimringi akamwita Sia Mama Kibao, Sia akamwita Kocha hata walipokuwa wawili tu mbele ya sahani ya ndizi nyama. Waliyaficha, maana mwamuzi hatakiwi kuwa na mchumba kwenye benchi la timu, na kila mmoja alijiambia kwamba watasema tu, si leo. Siri ya namna hiyo ni tamu mwanzoni, baadaye inanyima usingizi.

Uwanjani nako hali ilikuwa mbaya. Kimandolu walikuwa na ugonjwa wa dakika za lala salama. Wangeongoza hadi dakika ya themanini, kocha angeanza kutoa na kuingiza, na mechi ingegeuka. Akiwaacha waliochoka, wanafungwa. Akiingiza wenye miguu mipya, wanafungwa vizuri zaidi. Kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na makocha kumi, na mama muuza vitumbua getini naye alikuwa na kikosi chake. Elimringi alianza kuota namba.

Ugonjwa huo alikwenda nao hadi kwenye posa. Mama yake alipika mbege, pombe ya ndizi, kama ilivyo desturi ya kwao Machame, mjomba Efraimu akakubali kuwa mshenga, siku ikapangwa. Asubuhi ya siku yenyewe Elimringi akapiga simu kuahirisha, eti timu imefungwa jana, kichwa hakijatulia. Mbege haijui kuahirishwa. Ikikaa inachachuka, kwa hiyo majirani waliinywa yote na kuuliza itapikwa nyingine lini.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa mechi ya ugenini. Kimandolu waliongoza mbili kwa moja. Dakika ya themanini na tatu Elimringi alimpelekea Sia karatasi ya mabadiliko: atoke namba tano, Lemburis, beki wa kati. Sia akaisoma, akainua macho. Elimringi akaipokonya, akafuta, akaandika namba nyingine. Kabla ya filimbi ya mwisho walikuwa wamefungwa mabao mawili. Usiku alipiga simu.

"Ulinitazama, Sia."

"Nilikuwa nasoma namba. Mwandiko wako ni wa kuku wako."

"Uso wako ulisema nakosea."

"Kwa hiyo siku hizi uso wangu ndio kocha?"

 Elimringi akasema kwamba posa, iliyopangwa upya kuwa kesho, isogezwe tena kidogo. Sia aliketi juu ya gunia la mbegu stoo.

"Mama yako keshapika."

"Itanyweka tu."

"Mbege ya kwanza walikunywa majirani. Ya pili watakunywa majirani. Na mimi, Eli, nami utawagawia majirani?" Hakungoja jibu. "Usinipigie mpaka ujue unachokitaka."

Alilia, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Jumatatu aliwaandikia viongozi wa waamuzi kwamba ana uhusiano na kocha wa Kimandolu, asipangiwe mechi zake. Katibu aliisoma barua mara mbili, akauliza kama uhusiano huo bado upo. Sia alisema hajui, ila kanuni ni kanuni.

Wiki mbili simu haikulia. Kila ilipowaka kwa ujumbe wa mteja, moyo wake uliruka na kurudi mahali pake ukiwa umechoka. Hatimaye, Alhamisi, jina la Elimringi likatokea.

"Jumapili saa nane nakuja kwa baba. Mama kaanza kupika."

"Na Jumamosi ukifungwa?"

"Nitakuja."

"Ulishasema hivyo."

"Nilishasema," akakiri.

Baba yake Sia, Mzee Abdiel, mwalimu mstaafu, alisikiliza habari hizo bila kuacha gazeti. Alisema atakaa sebuleni hadi saa tisa. Ikipita, atakwenda shambani kwake, na kijana huyo asirudi tena. Sia alimjua baba yake. Hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Tena mzee akataka kwenda kumwona huyo kocha kazini. Kamati ya timu ilikuwa imeshatangaza kwamba Jumamosi ni kushinda au kocha aondoke, kwa hiyo uwanja ulijaa. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu na upepo ulikuwa wa baridi. Sia alikaa na baba yake kati ya mashabiki, mikono haina kibao, hajui aiweke wapi. Mzee aliahidi kutazama tu. Kufikia dakika ya sabini alikuwa amesimama, koti limefunguka.

Kimandolu waliongoza bao moja. Dakika ya themanini na mbili Lemburis akaanza kuchechemea.

"Mtoe huyo!" Mzee Abdiel alipaza sauti, na uwanja mzima ukaitikia. "Mtoe namba tano!"

Elimringi alishika karatasi. Mikaeli, beki wa akiba, alikuwa mstarini tayari, jezi kaichomekea. Kocha aligeuka kutazama meza kwa mazoea. Pale alikaa mwanamume wa makamo anayetazama saa yake. Sia aliona mabega ya Elimringi yakishuka. Akajiuliza yeye angefanya nini, na kwa mara ya kwanza, yeye aliyekuwa na jibu la kila badiliko, akajikuta hajui. Alimwonea huruma mpaka ikamuuma.

Elimringi akaikunja karatasi, akamwambia Mikaeli akae. Mzee Abdiel alipiga kelele Lemburis atolewe dakika zote zilizobaki.

Dakika ya themanini na tisa mpira mrefu ulipigwa, Lemburis akachelewa kugeuka, bao la kusawazisha likaingia, na mechi ikaisha sare ya bao moja kwa moja. Kamati ilimwita kocha nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Jioni Sia alipata ujumbe wa neno moja: "Wamenitoa." Alijibu pole. Hakujibiwa.

Jumapili saa nane ilipita. Nane na nusu ikapita. Saa tisa kasoro dakika tano Mzee Abdiel aliinuka, akavaa buti zake za shamba. Sia alisimama mlangoni mwa jiko.

Ndipo pikapu ya mjomba Efraimu ikaingia uani, tairi moja ni la akiba, ndoo za mbege zinatoa povu nyuma. Elimringi alishuka na suti, mikono myeusi kwa kubadilisha tairi, akaamkia shikamoo. Mzee akavua buti.

Efraimu alianza maneno ya ushenga. Mwenyeji akainua mkono.

"Kabla ya hayo. Jana, kwa nini hukumtoa namba tano?"

"Niliamini atamaliza, baba."

"Hakumaliza."

"Hakumaliza. Nilikosea."

"Nani alikushauri?"

"Hakuna. Nilikosea mwenyewe." Alimtazama Sia pale mlangoni, na safari hii hakuwa akitafuta jibu usoni pake. "Hili nililojia leo silibadilishi, hata baba ukinikatalia."

Mzee Abdiel alipokea kikombe, akaonja mbege, akakaa nayo mdomoni kabla ya kumeza.

"Hata mimi ningemwacha," akasema, kwa sauti iliyokauka kabisa kwa kelele za jana.

Sia aliuma ncha ya kitenge asicheke, akaenda kuleta vikombe vingine.