Tembo Kumi na Wawili wa Namba 214

Kila Jumamosi, Ndunge alishuka Pumwani na baba yake, Nzivo, kwenye banda la wachonga vinyago. Wachongaji waliketi chini, miguu wameinyoosha, tezo zikilia juu ya mbao tangu asubuhi. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya ushirika, aliyoiandika chini ya kila kinyago. Ya Nzivo ilikuwa 214.

Kazi ya Ndunge ilikuwa kupiga msasa na kuziba nyufa. Alichanganya vumbi la mbao na gundi, akalishindilia kwa kidole gumba, akasugua, akapaka rangi ya viatu. Ufa ukapotea kama haujawahi kuwapo. Alikuwa gredi ya saba tu, lakini hata wazee walimpa vinyago vyao awazibie.

Banda lile lilikuwa na sharti moja: huzibi mbao kabla ya kuona ndani yake. Dudu aliyefungiwa ndani atakula kinyago mpaka kibaki gamba.

Jumamosi moja Nzivo alikwenda matangani huko Mwala, na Ndunge akaja bandani peke yake. Mara akatokea Naftaly, mnunuzi aliyesafirisha vinyago ng'ambo, amebeba sanduku. Ndani yake mlikuwa na tembo kumi na wawili aliowanunua bandani, kazi ya Nzivo mwenyewe. Lakini sasa kila tembo alikuwa ametobolewa tumbo, na tumboni mmesukumwa kitu kilichofungwa kwa nailoni.

"Ni dawa ya dudu," Naftaly alisema. "Huko Ulaya wakiona dudu mmoja wanachoma sanduku zima. Nizibie, fundi wangu."

"Baba hataki nizibe kitu sijaona ndani."

"Ala! Nilidhani naongea na fundi, kumbe ni mtoto wa msasa. Basi, wacha nitafute mwingine."

Maneno hayo yalimchoma. Ndunge akavuta gundi, akaziba tembo wote kumi na wawili.

"Usimwambie mzee," Naftaly alisema akiondoka. "Nataka nimshtue na oda kubwa."

Nzivo aliporudi aliuliza, "Kuna mtu alikuja?"

"Hakuna," Ndunge alijibu.

Tangu siku hiyo hakutulia. Mlango ukigongwa, anaruka. Darasani anasoma mstari mmoja mara tatu.

"We Ndunge, una nini?" rafiki yake Hikma alimuuliza walipokuwa wakitoka shule. "Unatembea kama kuku aliyeona mwewe."

"Sina kitu."

"Haya. Usiposema utapasuka, mimi sitakuokota."

Walipita ukuta wa Majengo, na pale alikuwa Saif, kaka yake Hikma. Aliketi amejikunja juani, kichwa kinaanguka na kuinuka, mate mdomoni. Miaka miwili tu iliyopita alikuwa winga ambaye mtaa mzima ulimshangilia. Unga wa kulevya ulimmaliza. Hikma akamfuta mdomo kwa mtandio wake.

Sisi tuliolelewa mitaa hii hatusahau. Tumewahesabu vijana kama Saif, ukuta kwa ukuta. Na kila msako ulipofika, waliobebwa ni wagonjwa hawa hawa. Wenye mali walibaki na mali yao, wakatoa na mchango mkubwa kwenye mazishi.

Wiki tatu baada ya wale tembo, siku ya Jumatano, Ndunge alikuwa amempelekea baba yake chakula bandani. Mwanamke mmoja akaingia na wanaume wawili. Alikuwa Inspekta Lydiah Wekulo, wa kikosi cha kupambana na dawa za kulevya. Akamwonyesha Nzivo picha kwenye simu.

"Mzee, hii ni kazi yako?"

"Tembo ni wangu. Namba ni yangu."

"Wamekamatwa kwenye uwanja wa ndege, Ubelgiji. Mbwa wa polisi alikaa kando ya sanduku, akakataa kuondoka. Tumboni mlikuwa na heroini. Wenzetu wa kule wangeweza kuiteketeza na kufunga faili. Lakini walipiga picha ya namba hii, wakatutumia siku ile ile. Wenye sanduku wanadhani bado limekwama forodhani. Imetuchukua muda kujua ni namba ya nani. Sasa niambie, nani aliziba?"

Nzivo aliisogeza picha karibu na macho. Aliona namna shimo lilivyozibwa, likalainishwa kwa kidole gumba kidogo. Akainua macho, akamtazama binti yake, kisha akayashusha.

"Mimi," alisema. "Andika ni mimi."

"Mzee, unajua hii ni jela ya miaka mingapi?"

"Nimesema andika."

Ndunge alisogea mbele. Hakuwahi kumsikia baba yake akidanganya. Leo alidanganya mbele ya polisi, na uongo ule ulikuwa wake yeye Ndunge.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Baba alikuwa Mwala! Ni mimi!"

"Ndunge, nyamaza!"

"Sinyamazi, Baba. Nimenyamaza vya kutosha."

Akasema yote: Naftaly, nailoni, dawa ya dudu. Kisha akamgeukia baba yake. "Na kuna twiga sita. Aliwaleta Jumamosi iliyopita, ulipokuwa kwenye mkutano wa ushirika. Niliwaziba pia, nikiogopa atakuambia ya wale tembo. Alisema wanasafiri Ijumaa."

Inspekta Lydiah alisimama wima. "Ijumaa? Hii ya keshokutwa?"

Simu zikaanza. Alizungumza na Ubelgiji, kisha na maafisa wa nchi jirani ambako unga uliingilia kwa njia ya bahari. Askari mmoja alitaka Naftaly akamatwe papo hapo.

"Hapana," Inspekta alimkatiza. "Tukimshika leo, tumeshika mkia. Kesho kichwa kitaota mkia mwingine. Sanduku lisafiri, lakini bila sumu."

Twiga walipatikana kwenye ghala la mizigo. Maafisa wakawafungua, wakatoa heroini, wakajaza chumvi. Lakini nani angeziba pasionekane alama? Nzivo alijaribu, lakini kidole chake kilikuwa kinene mno. Basi Ndunge akaitwa, baba yake bega kwa bega naye. Safari hii alichungulia kila tumbo kabla ya kuziba.

Siku tatu zilizofuata hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwa Nzivo. Je, kama Naftaly amenusa? Jumatatu simu ikalia. Huko Ubelgiji sanduku lilikuwa limepokewa na watu wanne, na wote walikamatwa. Saa ile ile, Naftaly na tajiri aliyemtuma walikamatwa Nairobi, na mwenye boti iliyoleta unga akatiwa pingu nchi jirani.

Inspekta Lydiah alikuja bandani kuwashukuru. Hikma, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamkabili.

"Na kaka yangu je? Na yeye mtamkamata?"

"Saif ni mgonjwa," Inspekta alijibu. "Kuna kliniki inayowatibu bila malipo. Twende tukamwone sasa hivi."

"Kesho mtatusahau."

"Basi nishike mkono, nisikupotee." Wakaondoka pamoja.

Nzivo alimsimamisha Ndunge mbele ya wachongaji wote, naye akasimulia kosa lake tangu mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikiri kwamba naye alikuwa amewahi kumzibia Naftaly, akaomba apelekwe kwa Inspekta.

Watu walipotawanyika, Nzivo alimketisha binti yake.

"Wauza sumu wako nchi tatu, lugha tatu, na wanaelewana," alisema. "Hawashindwi mpaka watu wema nao waambiane ukweli upesi kuliko wao. Kosa la mkono, la kuziba bila kuona, ningekusamehe siku ile ile, na wale twiga usingewaziba. Polisi wa Ubelgiji hawatujui, lakini walituma habari Nairobi kabla jua halijatua. Wewe ulikula nami meza moja wiki tatu, hukuniambia. Sasa nijibu, mwanangu: nani alikuwa mbali?"