Mkate wa Hatua ya Kwanza

Jumamosi hiyo soko la mji wa Plovdiv, Bulgaria, lilikuwa limejaa pilipili nyekundu za kuchoma, na watu walipigana vikumbo na magunia begani. Zornitsa alikuwa anachagua zake alipomwona mwanamume mrefu, shati la kitani, amembeba mtoto katika mbeleko iliyofungwa ovyo hata mtoto akawa ameteremka hadi usawa wa mkanda wa suruali.

"Kaka, samahani. Mtoto wako yuko njiani kwenda chini."

"Anapenda kuteremka," akajibu yule mwanamume, lakini mikono yote miwili alikuwa ameiweka chini ya mtoto na jasho linamtoka.

Zornitsa hakungoja ruhusa. Aliweka mfuko chini, akafungua fundo, akakaza kitambaa upya na kumpandisha mtoto kifuani, karibu na kidevu cha baba yake. Mtoto, msichana wa miezi kumi aliyeitwa Neda, alipiga mwayo akalala papo hapo.

Kazi yake ilikuwa hiyo, Zornitsa akaeleza. Alikuwa na duka dogo mtaa wa Kapana: mbeleko, nepi za vitambaa, vitu vya kuchezea vya mbao. Plastiki hakuwa nayo, na kile kigari cha kumfundishia mtoto kutembea hakuuza hata mteja alie. Mtoto atatembea akiwa tayari. Nani anamkimbiza?

"Mimi," akasema mwanamume, ambaye jina lake lilikuwa Yasen. "Mimi ni mlezi kwenye chekechea ya manispaa, darasa la wadogo kabisa. Ninao ishirini. Nisipowakimbiza, supu inapoa."

"Basi sisi ni maadui."

"Maadui huwa hawafungiani mbeleko, dada."

Zornitsa alicheka, na akajua hapo hapo kwamba atampa namba ya simu.

Mama yake Neda alikuwa amekwenda kufanya kazi Uhispania mtoto akiwa na miezi minne, akaandika kwamba harudi. Talaka ilipita kimya kimya. Yasen, anayelea watoto wa wenzake kutwa nzima, hakupata nafasi ya kumwandikisha wa kwake. Orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Mtoto alikaa na bibi yake, Bibi Stoyanka, mpaka bibi alipovunjika mkono. Ndipo Neda akaanza kushinda dukani kwa Zornitsa, akitambaa kati ya rafu.

Mapenzi yao yalikuwa ya kubishana. Yasen alipiga simu wakati wa usingizi wa watoto, akinong'ona, aulize mtoto kala nini. Zornitsa humwambia kala alipotaka, alichotaka. Yasen husema huko ni kulea mbuzi. Zornitsa husema wale ishirini wake wanaoketi kwenye vyungu vya kujisaidia kwa pamoja kama jeshi ndio wa kuhurumiwa. "Nakupenda, mkaidi wewe," Yasen humaliza, kisha hukata kwa sababu mmoja ameamka.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Jino la kwanza la Neda lilitoka yeye yuko kazini. Kukaa bila kuegemea, kazini. "Hatua ya kwanza sitaikosa, Zori," alisema jioni moja, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo niachieni mimi."

Jumatatu saa tano asubuhi Neda aliachia rafu ya nepi, akatembea hatua nne hadi kwenye goti la Zornitsa.

Zornitsa alimkumbatia akalia. Alishika simu, akaiweka. Hakusema kitu, si Jumatatu wala Jumanne. Alhamisi jioni Yasen mwenyewe akapiga, anahema: "Ametembea! Sebuleni! Kanijia mimi!" Na Zornitsa akasema, "Hongera, mpenzi wangu," kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe kwa utulivu wake.

Kwa Wabulgaria, mtoto akianza kutembea hutandikiwa kitambaa cheupe, mkate wa duara ukabingirishwa mbele yake, naye aufuate hadi kwenye vitu vilivyopangwa: kalamu, mkasi, kitabu, kijiko. Atakachookota huonyesha kazi yake ya ukubwani. Nyumbani kwa Bibi Stoyanka kulikuwa na nyongeza: mkate hukandwa na aliyeiona hatua ya kwanza. Basi Jumamosi Yasen alikanda, unga hadi kwenye nyusi, mkate ukatoka mgumu upande mmoja, na hakuna mkate uliowahi kusifiwa vile. Neda aliokota mkasi. Watu wakapiga makofi.

Bibi Stoyanka, mkono kwenye plasta, akamgeukia Zornitsa. "Haya binti, wewe unashinda naye. Kwako hakujaribu hata kidogo?"

Angeweza kusema hapana. Lakini kikongwe alikuwa anamtazama machoni, na Zornitsa hakujua kudanganya kwa mdomo. Alikuwa amejua kunyamaza tu.

"Alitembea Jumatatu," akasema.

Yasen aliweka glasi mezani taratibu. "Wiki nzima umeniacha nijifurahishe kama mjinga," akasema. "Na huu mkate nimeukanda kwa uongo."

Siku kumi Yasen alichukua likizo; hakuleta mtoto, wala simu hakupokea. Zornitsa alipanga nepi zilizokwisha kupangwa. Alijiona amewapoteza wote wawili kwa kimya alichokiita huruma.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri, Yasen aliingia dukani, Neda kifuani. Hakuketi.

"Nina miaka minane darasani," akasema. "Unajua wangapi wametembea mara ya kwanza mbele yangu? Na mama akija jioni tunamwambia, tazama nyumbani, yuko karibu sana kutembea. Walezi wote tunafanya hivyo. Nilidhani nawapa zawadi. Sikujua inauma hivi."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, ila zawadi hiyo usinipe tena. Chochote atakachofanya, nipigie. Hata supu ikimwagika."

Neda akarudi dukani kuanzia kesho yake.

Haikupita wiki tatu. Yasen alikuwa anafunga vitambaa shingoni mwa watoto simu ilipolia, na Zornitsa, amekaa sakafuni dukani, alisikia vijiko ishirini vikigonga meza upande wa pili. Nusura akate. Kuficha kungekuwa rahisi, na safari hii alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuficha.

"Amesema neno," akasema. "La kwanza."

"Neno gani?"

"Mama."

Vijiko viliendelea. Yasen alikohoa.

"Alikuwa anamwita nani?"

Zornitsa alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amemshika kidole na bado anamtazama, anangoja kuitikiwa.

"Mimi, Yasen."

Akamsikia akiwaambia watoto waweke vijiko chini.

"Basi mwitikie," Yasen akasema. "Mwitikie, Zori, na mimi nisikie."